Magoti Chini ya Taa za Okidi

Jumatatu, 3 Machi

Matumba manne ya maua! Miaka yote naihangaikia okidi hii huku chini ya nyumba, pasipo hata dirisha, kwa taa za zambarau na feni na chupa ya kunyunyizia, na haijawahi kunipa hata moja. Leo manne, kwenye kikonyo kimoja. Nimepiga kelele, mume wangu akashuka mbio akidhani nimeona nyoka. Akatazama. "Ndiyo hayo?" Mtu huyu nilimpendea nini?

Nimempigia simu mwenyekiti wa chama cha wapanda maua. Atakuja Jumapili. Likifunguka hata moja mbele ya macho yake, nimeingia chamani. Mara mbili wamenikataa — eti okidi ya stoo si okidi. Watanitambua!

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amekuja kutusalimia. Na begi kubwa. Salamu gani hiyo ya begi?

Kule juu ni baridi, goti linamuuma. Akashuka kwa fimbo, akavuta kiti chini ya taa zangu, akafunua goti. Baadaye akapanda ngazi bila fimbo! Anasema ni taa. Nikamwambia, Mama, taa hizi ni za majani. Akasema goti halijui hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Mdomo wa mama mkwe hauna breki. Leo wamekuja wazee wa mtaa mzima. Wifi yangu anapanga foleni kwenye ngazi, kajipa cheo. Magoti yamejipanga chini ya taa kama viazi sokoni. Fundi viatu yeye tatizo lake ni kiuno, alitaka kulala kifudifudi mezani. Wifi kamkatalia: viuno ni kesho.

Mgeni njoo, mwenyeji apone — hapa anayepona ni mgeni!

Nikamlalamikia mume wangu. Kasema hajamwona mama yake akicheka hivi tangu mzee afariki. Nikarudi kunyunyizia majani, kwa hasira nikawanyunyizia na wao. Wakashukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Tumba moja limeanguka. Nimelia. Sijafuta machozi, la pili hilo. Maji ni yaleyale, joto lilelile, sasa nini? Nikainama chini ya meza: ndizi mbivu, mapapai, maembe yananukia! Wagonjwa wanaleta shukrani. Wala si kwa mama mkwe — kwa ua. Na tunda linaloiva linatoa hewa inayoangusha matumba. Kila mpanda okidi analijua hilo, na hakuna mtu mwingine duniani anayelijua.

Nikayabeba yote juu. Wifi kanuna, eti nakula zawadi za watu.

Jumamosi, 8 Machi

La tatu nalo! Kumbe kuna papai lilifichwa nyuma ya ndoo. Limebaki moja. Nikatangaza: kesho hakuna tunda, hakuna goti. Mama mkwe akanitazama. "Mwanangu, kesho ndiyo nilitaka kushuka bila kushika ukuta." Nikajiona mchawi. Haya, goti nimekubali. Tunda, katu!

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti kafika na suti yake. Tumba limeanza kupasuka! Nikamsogezea kiti, nikamsogezea chungu cha okidi. Hakutazama. Akakunja suruali. "La kushoto ndilo linanitesa," kasema. "Foleni inaanzia wapi?" Halafu akatoa embe bivu mfukoni akaliweka palepale, kwenye chungu. Mwenyekiti wa chama cha maua!

Sikufikiri. Nikamrudishia embe lake, nikakwapua chungu, nikajifungia chooni. Naandika nimekaa juu ya kifuniko, ua liko mapajani. Nje pamejaa. Wifi anasema taa zimekosa nguvu tangu ua litoke. Mwenyekiti anagonga, zamu yake haijaisha. Mume wangu anawaomba radhi, anasema huwa siko hivi. Mwongo.

Mama mkwe tu ndiye hanisihi nifungue. Kainama — kwa goti lile! — anauliza kupitia tundu la ufunguo, taratibu, ni la rangi gani.

Jeupe, Mama. Lina madoa mekundu kooni. Petali ya pili inajikunjua sasa hivi, na mtu pekee anayepaswa kuliona yuko nyuma ya mlango huu, ananigongea kwa embe.