Mito ya Sebuleni Isiguswe

Wanangu,

Nimewahi zamu, sikutaka kuwaamsha. Chai iko kwenye chupa. Mkubwa afagie uani, mdogo aoshe vyombo, na ole wenu nisikie mmegombana.

Baba yenu amepiga simu alfajiri. Ndiyo, huyo huyo aliyetuaga anakwenda kikazi wiki mbili, na huu ni mwaka wa nne. Anafika leo mchana. Hakuuliza mko darasa la ngapi. Aliuliza kama mashati yake bado yapo, maana anakuja mikono mitupu. Nikamjibu yapo. Sikusema uongo.

~~Kabla hajafika, ficheni mito yote mitano chini ya kitanda changu.~~

Hapana, nimebadili mawazo. Iacheni palepale kwenye viti. Miaka mitatu nilikuwa nayapiga pasi yale mashati kila Jumapili kama mjinga. Mwaka huu ndipo nikashika mkasi. Hata sindano sikuhitaji: nilichana kingo, nikazifunga vifundo pande zote, ndani nikashindilia matambara. Vifungo na mfuko wa kifuani sikuvigusa, kwa hiyo atayatambua tu.

Mpokeeni kwa adabu. Mpeni maji ya kunywa. Msimhoji, hiyo kazi niachieni mimi.

Mkalisheni kwenye kile kiti kikubwa, chenye mto wa bluu. Akiuliza shati lake la bluu liko wapi, mwambieni amelikalia.

Mama yenu