Jina la Manju Kwenye Santuri

Jumatatu, 20 Novemba 1961
Santuri zimefika kwa treni. Nimezifuta vumbi, nimezipanga dirishani mwa duka la Baba. Lebo zina maneno yangu, kutoka kwenye kadi nilizojaza Magu mwaka jana, Mzungu alipokuja na mashine ya kunasa nyimbo, nami nikawa karani wake. Kadi arobaini, hakuna doa la wino. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 23 Novemba
Amekuja Ngasa, manju, yaani mtunzi na mwimbishaji, wa kundi la ngoma la Bagika. Wimbo wake umeandikwa jina la Shija, manju wa Bagalu, mahasimu wao tangu enzi za mababu. Nikamjibu kwa jeuri kwamba kadi zangu hazina makosa. Akasema, "Mwanangu, jina langu nimeliimba humo humo." Sijui Kisukuma. Sisi watu wa mjini.

Ijumaa, 24 Novemba
Nimempigia santuri Mama Kabula, muuza mchele jirani, Msukuma. Ubeti wa tatu akacheka. "Ngasa huyo, anajisifu!" Kumbe manju wote hujitaja. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Jumatano, 29 Novemba
Mambo yameharibika. Santuri imefika Magu; gramafoni huko hakuna, ila wasomaji wapo. Lebo imesomwa gulioni. Ngasa anaitwa mwizi wa nyimbo, wachezaji wake sita wamehamia kwa Shija. Ngoma ya Uhuru wiki ijayo, na hana wa kumwitikia. Baba anasema nisijitie kimbelembele. Nitajitia.

Jumamosi, 2 Desemba
Basi la Magu, gramafoni mapajani. Gulioni nimesema mbele ya watu: nilikosea mimi. Nikapiga santuri. Ubeti wa tatu, vigelegele. Nikamuuliza Shija kwa nini alinidanganya. "Sikukudanganya, dada. Uliuliza kwa Kiswahili mkubwa hapa nani. Nikajibu." Kweli. Sikuuliza nani katunga. Nimerudi, mgongo unauma.

Jumapili, 10 Desemba
Jana Uhuru. Mama Kabula alikwenda Magu kwao, anasema Ngasa alicheza mpaka vumbi likamfunika. Wachezaji wanne wamerudi. Wawili bado.

Leo duka limefungwa. Lebo ya Ngasa nimeibandika upya, kwenye kila santuri yake. Mama Kabula kavua viatu, kaketi karibu na gramafoni. Nimeweka santuri ya pili. Kasikiliza mpaka mwisho, nami nimemsomea jina la manju kwenye lebo.

"Siye huyo," kasema.

Nimekata karatasi nyingine. Zimebaki kadi thelathini na nane.