Pengo la Chifu wa Nne

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mbozi hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako kikohozi kimemwacha. Najua unacheka kumwita bibi mtu uliyepishana naye miaka michache, lakini ndivyo ukoo ulivyotupanga.

Umeuliza kwa nini kitabu cha machifu wetu kina nafasi tupu baada ya chifu wa tatu. Nilipomaliza chuo nilipewa kazi ya kunakili muswada wa zamani wa kitabu hicho, nakala ipelekwe kwa mchapaji Tunduma. Kwa desturi yetu, anayenakili huwasomea wazee kwanza. Nilipofika kwa chifu wa nne, mchwa walikuwa wamekula jina. Ndugu zetu wa Ruanda, hii ya hapa Mbozi, wakataja jina lao, wa Chapwa wakataja lao, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mzee aliyetunza muswada akaanza kuufunga tena kwenye kanga.

“Basi, hakuna kitabu,” alisema.

Nilikuwa na hoja zangu, nikazitoa kwa kirefu. Bibi mmoja akanikatiza: “Msomi, wewe ulikuwepo?”

Wakacheka wote, hata waliokuwa wakigombana. Mzee akaifungua kanga.

“Acha pengo,” akaniambia. “Kila mtu akasome nyumbani kwake.”

Ndivyo kilivyochapwa. Siku hizi nakala za Ruanda zimejazwa jina moja kwa kalamu, za Chapwa jingine. Yangu sijaijaza, ingawa bado nadhani ninalijua.

Wasalimie wenzako.

Bibi yako,
Neema