Viatu vya Luciana vilivyonifikisha ukweni

Luciana, viatu vyako vimenidhalilisha. Ukweni! Siku ya kwanza!

Nimefika Kiomboi na Ezekieli, nikapiga goti kuwasalimu wazazi wake. Shikamoo nimeitoa vizuri. Kunyanyuka sasa! Vidole vinawaka moto, nikabaki pale chini kama naungama.

Baba yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akasema, "Mkwe wetu yuko smati." Nikacheka huku machozi yananilenga.

Akaendelea, "Unajua hilo neno limetoka wapi? Waingereza wa zamani walilitumia kwa kitu kinachouma, kama kidonda. Baadaye likawa la mtu mwepesi wa kuelewa, ndipo likaja la mavazi."

Akaitazama miguu yangu. "Wewe umelirudisha lilikoanzia."

Kinachouma, Luciana! Na wewe ulisema nivumilie, nionekane smati, eti vitalegea nikitembea!

Ezekieli kacheka mpaka kapaliwa na chai. Aliyenivua viatu ni mama yake. Mama mkwe kashika miguu yangu! Akanipa kandambili zake.

Nimerudi nazo. Viatu vyako vimebaki kule. Mama mkwe anasema uvifuate mwenyewe, halafu uvivae utembee navyo mpaka stendi.