Kasha Lilielea, Mimi Nilizama

Jumatatu, 1 Septemba

Mpaka leo nasikia ladha ya ziwa mdomoni. Ijumaa mtumbwi wetu wa kliniki ulipinduka karibu kabisa na ufukwe wa Lyulilo, tukitoka Ikombe. Kasha la chanjo lilielea. Humphrey wa maabara, mwembamba kama ufito, aliogelea huku anacheka. Mimi nilizama! Mimi Restituta, bingwa wa kutupa tufe shule zote za Singida, na mabega yote haya! Aliyenivuta kwa ukosi ni Mama Tusajigwe, mfinyanzi, mnene, miaka hamsini na kitu. Hata kilemba chake hakikuloa.

Leo Dokta Gelasius, mganga wetu mfawidhi, ametoa amri: asiyeweza kuogelea mita mia mbili kwa dakika sita hapandi mtumbwi. Mtihani tarehe 27. Nikifeli, kliniki ya Ikombe ya tarehe 29 haipo. Nesi mwingine hakuna, na barabara ya gari kule hakuna. Watoto ishirini na wawili wanasubiri chanjo ya surua.

Nimeudhika. Lakini kuna swali halinitoki: kwa nini mnene aelee, mwenye nguvu azame?

Alhamisi, 4 Septemba

Nimejibu kwa pushapu. Hamsini kila asubuhi. Nguvu zikiongezeka na mwendo utaongezeka, si ndiyo?

Mita hamsini, sambamba na ufukwe: mimi dakika mbili na ushee, na nusu ya ziwa tumboni. Humphrey — mikono mirefu kama makafi — sekunde hamsini. Mtu ambaye kufungua chupa ya soda ni mpaka aombe msaada! Nina wivu, sifichi.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada tumefanya jaribio. Tumesimama watatu kwenye maji marefu, tumevuta pumzi, tumetulia bila kupiga mguu. Mama Tusajigwe: maji shingoni. Humphrey: machoni. Mimi: nimeenda kusalimia samaki. Nimerudia mara tatu, majibu yaleyale.

Kumbe ndivyo. Msuli ni mzito kuliko maji, mafuta ni mepesi. Nililisoma hili chuoni na mtihani nikafaulu, ila sikuwahi kulinywa.

Lakini ngoja. Mama Tusajigwe anaelea kuliko wote, na mita hamsini amezimaliza kwa dakika tatu, huku anapiga soga na wafua nguo. Basi kuelea si mwendo. Mwendo ni nini?

Jumatano, 17 Septemba

Nimemkuta Mama Tusajigwe sokoni Lyulilo anapanga vyungu. Nikamlalamikia: pushapu mia sasa, na mwendo uleule! Yeye amechukua vyungu viwili, kimoja kidogo chenye kuta nene, kingine kipana chenye kuta nyembamba. Udongo sawasawa, amesema, nimeupima kwa mkono. Tukaviweka majini. Kinene kimezama mpaka shingoni. Kipana kimekaa juu, kinacheza.

Akanigusa bega. Nesi, wewe ni hiki chungu kinene. Udongo wako hupunguzi, lakini unaweza kujitandaza. Kichwa ndani, kifua kikandamize maji, miguu itapanda yenyewe. Na uache kupigana, maji hayana kesi na wewe.

Nikaingia ziwani kujaribu. Imepanda! Miguu imepanda! Na ilipopanda tu, mabega yakapata kazi yake. Mita hamsini kwa sekunde sitini na nane! Siku zote hizi mabega yalikuwa yanaburuta miguu iliyoning'inia. Ndaga fijo, Mama, asante sana.

Ila misuli hii inakula pumzi. Baada ya mita mia nahema vibaya. Mia mbili: dakika sita na sekunde ishirini.

Ijumaa, 26 Septemba

Dakika sita na sekunde mbili. Mbili! Nimegombana na Humphrey kwamba hajui kubonyeza saa. Anajua. Naogopa.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika nimekaa mchangani, nywele zinachuruzika kwenye karatasi.

Dokta alikaa kwenye mtumbwi, mita mia mbili kutoka ufukweni, apime mwenyewe. Humphrey akabaki nchi kavu, apunge kitambaa nikigusa mchanga. Nimeogelea kama sijawahi. Kichwa ndani, kifua chini, bila ugomvi. Nimegusa mchanga nikajua — mwili unajua! — kwamba dakika sita hazikufika.

Mtumbwi ukaja. Nikauliza: ngapi, Dokta?

Simu ya kupimia muda ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa kabisa. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa mtumbwi, na hata ulipogota mchangani hakuiachia. Humphrey naye hakupima, kazi yake ilikuwa kitambaa. Nilitaka kulia kwa hasira.

Mama Tusajigwe ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama anauliza bei ya dagaa: na daktari wetu je, anaogelea?

Dokta ametazama viatu vyake. Amesema kwao Dodoma maji ni ya ndoo.

Keshokutwa ni Ikombe. Hajasema naenda, hajasema siendi. Amevua viatu, amekunja suruali, maji yanamfika magotini. Ana kifua kipana na miguu mizito. Huyu atazama kama mimi. Mama Tusajigwe anamletea kile chungu kipana akishike. Na Dokta amegeuka ananiuliza mimi — mimi! — kichwa kikae wapi.