Masaa ya Garini

Baba Chiriku,

Mboga iko kwenye sufuria, ipashe tu. Fundi bomba anakuja saa sita mchana. Usimwache peke yake, mara ya mwisho alifungia maji mtaa mzima. ~~Narudi kesho.~~ Narudi keshokutwa.

Usinune kwamba sikukuamsha. Ulikuwa unakoroma kama trekta. Aliyeamka ni Chiriku, akanikuta nafunga buti, akaniuliza: "Mama, ukiwa garini uko kazini au bado?"

Mtoto huyu! Mpaka kwenye ule mnara wa simu ni masaa matano, na kipimo cha mawimbi ya simu nakipakata njia nzima kama kichanga kisije kikatikisika. Lakini kazi inahesabiwa kuanzia ninapotia sahihi kwenye kitabu cha getini kule.

Nikampigia msimamizi, Chiriku katega sikio. Akasema, "Safari ni safari, kazi ni kazi. Garini muda ni wako."

Nikamwambia, vizuri, basi gari lisimame shuleni saa mbili nimsikilize binti yangu akiimba, dakika kumi tu.

Akang'aka: "Utasimamaje shuleni na wewe uko kazini?"

Nadhani hata yeye alisikia alivyojipinga mwenyewe. Chiriku alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Nimeyaandika maneno ya msimamizi nyuma ya karatasi hii, usiitupe. Saa mbili nenda wewe ukamsikilize, ukae mbele akuone. Akinitafuta kwa macho, mwambie mama yuko kazini tangu alipopanda gari.

Mama Chiriku