Simu ya Mama Ndani ya Mkebe

Jumatatu, 16 Juni
Nimepitisha simu ya Mama dukani ikachajiwe, nikaenda shule. Kila siku hivi. Nyumba yetu hapa Utange bado haina stima. Jioni nimeirudisha imejaa. Alfajiri itakuwa imezimika, najua. Na alfajiri ndipo nyapara wa ghala la chai, Changamwe, huita vibarua. Asiyepatikana, huitwa mwingine. Wiki iliyopita Mama hakuitwa kabisa. Naichukia simu hii.

Jumanne, 17 Juni
Fizikia. Mwalimu amesema simu huzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio. Data ikiwa imewashwa, simu haitulii, hata sisi tukilala. Mtandao ukiwa hafifu hula betri zaidi, kama mtu anayepaza sauti kumwita mwenzake ng'ambo ya kivuko.

Mama hataki kuzima data. Anaamini ikizimwa, hata nyapara hatampata. Nimeizima, nikamwomba jirani, Mama Kadzo, apige. Ikalia mkononi mwa Mama. Akacheka.

"Haya, profesa. Nikikosa kazi, magunia ya chai utabeba wewe!"

Jumatano, 18 Juni
Data ilikuwa imezimwa. Alfajiri simu ilikuwa mahututi, na simu ya nyapara haikuingia. Mama hakunisuta. Heri angenisuta. Amewasha data tena.

Alhamisi, 19 Juni
Mvua. Paa linavuja. Kila usiku Mama huiweka simu kwenye mkebe wa biskuti isilowe. Leo nimeutazama ule mkebe mpaka chai ikapoa.

Bati!

Simu imefungiwa ndani ya bati, mawimbi hayapiti, inautafuta mnara usiku kucha, inapaza sauti mpaka inakata roho. Na mimi nilikuwa nawaza data tu. Mjinga.

Nimemwomba Mama usiku mmoja zaidi. Data nimezima. Simu nimeifunga kwenye karatasi ya plastiki ya mkate, nikaitundika kwenye msumari wa dirishani.

"Sawa, mwanangu," amesema. Basi. Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni
Imelia! Giza bado. Mama aliruka kitandani. "Abee! Naam, naja, naja sasa hivi!" Betri ilikuwa bado tele. Ametoka mbio, leso ameivaa ndani nje. Shuleni sikusikia somo hata moja. Nilikuwa natabasamu tu.

Jumamosi, 21 Juni
Ameitwa tena. Nimefua, nimeteleka maharagwe. Mkebe nimeutia sindano na nyuzi.

Manyunyu nje. Msumari wa dirishani uko mtupu. Simu imekwenda kazini.